Hotuba ya Mwenyekiti: Chuo cha Afya, Gharama Yake na Faida Yake

  

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2015 hapa hapa Muheza. Tulikuwa akina mama 18: wauza machungwa, wauza vitumbua, wauza dagaa, na wengine wenye jembe tu. Hisa ilikuwa shilingi 1,000. Sanduku tulilichongesha kwa fundi wa mtaani, likawekwa kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu wasiokaa nyumba moja. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka vikundi tujisajili, tukajisajili. Leo tuko 32, hisa ni shilingi 5,000, na sandukuni na benki kwa pamoja tuna shilingi milioni 19. Hayo mtayasoma vizuri katika taarifa ya mweka hazina, ukurasa wa nyuma. Hatutayarudia.

Leo tunataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili lililotukalisha vikao vitatu mfululizo. Mwaka huu wanachama 6 wameomba mkopo wa kusomesha watoto vyuo vya afya. Wawili wanataka utabibu, watatu uuguzi, mmoja maabara. Ni jambo la heri. Lakini maombi yao yote ukiyajumlisha yanapita fedha tulizonazo. Tukiwapa wote walichoomba, sanduku linabaki tupu na bado halitoshi. Tukiwanyima, tutakuwa tumewaambia mabinti zetu kwamba akiba ya mama zao ni ya dagaa tu. Sasa tufanyeje? Kamati ilikaa, ikapiga hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo hii tunayowaletea.

Kwanza tujue tunanunua nini. Zamani, wengi wetu tukiwa watoto, kwenye zahanati palikuwa na mganga msaidizi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilijenga zahanati nyingi vijijini na ikawafundisha waganga wasaidizi wa kuzihudumia. Kijana alichaguliwa, akasomeshwa kwa fedha za serikali, akimaliza anapangiwa kituo. Mzazi kazi yake ilikuwa kumnunulia sanduku la bati na kumsindikiza stendi. Kwa hiyo mpaka leo mzee ukimwambia mtoto anakwenda chuo cha afya, anasema, "Huyo kazi anayo tayari."

Jamani, siku hizo zimepita. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa, watu binafsi wakaruhusiwa tena kuendesha hospitali kwa biashara. Vyuo navyo vikaongezeka, vya serikali, vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Mganga msaidizi sasa anaitwa tabibu, na anasoma stashahada, yaani diploma, ya miaka 3. Muuguzi wa diploma naye vivyo hivyo. Anayelipa ni mzazi. Na akimaliza hapangiwi kituo. Anaandika maombi, anashindana na wenzake. Mnakumbuka mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya kwa ajili ya uhakiki wa watumishi. Waliomaliza wakati ule walikaa nyumbani na vyeti vyao kabatini. Baadaye ajira zilifunguliwa, zikaja kwa awamu, lakini waombaji siku zote ni wengi kuliko nafasi.

Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa fedha ya kikundi ni elimu na ujuzi. Kazi ni jambo jingine, lina safari yake. Hilo tuliweke moyoni kabla ya kushika kalamu.

Sasa tuje kwenye gharama. Mwanachama akija kuomba, anasema, "Ada ni milioni moja na nusu." Basi wote tunafikiri mzigo ni milioni moja na nusu. Kamati ikamwita mama mmoja wetu ambaye binti yake amekwisha maliza, ikamwambia: tueleze yote, hata ya sabuni. Akaja na daftari lake. Tukalitumia daftari lile kutengeneza mfano. Si ada ya chuo fulani, ni mfano wa kupigia hesabu, kila mtu ataweka tarakimu za chuo chake.

Ada ya mwaka, shilingi 1,500,000. Chumba na chakula, shilingi 150,000 kwa mwezi kwa miezi 10, ni 1,500,000 nyingine. Mitihani, bima, michango ya chuo, sare, viatu, vitabu na vifaa, 500,000. Nauli za likizo, na nauli na malazi wakati wa mafunzo ya vitendo, maana mwanafunzi hupelekwa hospitali ya mbali na chuo, 300,000. Jumla kwa mwaka mmoja ni shilingi 3,800,000. Kwa miaka 3 ni shilingi 11,400,000.

Bado. Binti aliyekuwa anakusaidia gengeni hayupo tena. Tuseme kazi yake ilikuwa inaingiza 60,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni shilingi 2,160,000. Fedha hiyo haikutoka mfukoni, lakini haikuingia pia, na tumbo la nyumba halijui tofauti. Ukiijumlisha unapata shilingi 13,560,000. Ada tuliyoambiwa ilikuwa milioni moja na nusu. Mmeona akina mama? Mali bila daftari huisha bila habari.

Tukatazama na upande wa faida. Tuseme binti amemaliza, amepata kazi, na kila mwezi baada ya kodi ya nyumba na chakula chake anaweza kutuma nyumbani shilingi 150,000 bila kujinyonga. Ili arudishe zile 13,560,000 atahitaji zaidi kidogo ya miezi 90, yaani zaidi kidogo ya miaka 7 na nusu. Na hapo hatujahesabu miaka ya kusubiri kazi, wala riba yetu ya asilimia 10, wala kwamba ataolewa na kuwa na watoto wake.

Palepale kikao kikagawanyika. Upande mmoja wakasema: basi hii biashara ya hasara, milioni 11 ni shamba la michungwa, ni cherehani, ni vyumba vya kupangisha. Upande wa pili wakasema: shamba haliwezi kumpima mgonjwa presha. Tukabishana mpaka taa ikaisha mafuta. Hatutaficha, maneno yalikuwa makali, na mmoja wetu alisema kitu kilichotunyamazisha. Alisema, "Mimi nilimaliza la saba, nikafaulu, nafasi ya sekondari haikuwepo. Leo nina shamba. Lakini nikiugua nakwenda kumsikiliza mtoto wa mwenzangu aliyesoma."

Wengi wetu hapa tuko hivyo. Tuliingia shule kwa wingi baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya 1970, na tulipofika darasa la saba njia ikawa nyembamba. Kwa hiyo tunapopima faida ya chuo hatupimi mshahara peke yake. Tunapima binti mwenye ujuzi usiouzwa wala kunyang'anywa na shemeji. Hayo ni faida ya kweli, tunayataka. Ila hayo hayalipi rejesho la mwisho wa mwezi. Rejesho linalipwa kwa shilingi. Ndiyo maana kamati inasema mambo hayo mawili yasichanganywe. Sababu ya kumsomesha mtoto ni maisha yake. Uwezo wa kulipa mkopo utazamwe kwenye biashara ya mama, siyo kwenye mshahara ambao bado haujazaliwa.

Tunao mifano miwili humu humu kikundini, na wenyewe wameturuhusu tuiseme bila majina. Wa kwanza, binti yake alisoma utabibu, akaomba kazi serikalini, akapata mkoa wa mbali. Leo yuko zahanati ya kijijini, na mdogo wake anasoma kwa msaada wake. Wa pili, binti yake alisoma uuguzi, alama zake nzuri kabisa. Alikaa miaka 2 akijitolea kituo cha afya kwa posho ya nauli, ndipo zahanati moja ya binafsi ikamchukua kwa mkataba. Mabinti hawa wote wana bidii. Tofauti haikuwa akili, ilikuwa zamu. Lakini sikilizeni hili: mama zao wote wawili walimaliza mkopo wetu kabla binti hajapata mshahara wa kwanza. Mmoja alilipa kwa vitumbua, mmoja kwa mbuzi. Hakuna aliyelipa kwa mshahara wa mtoto. Angesubiri mshahara, yule wa pili angekuwa amekamatiwa vyombo na sisi wenyewe wadhamini wake.

Yuko pia ndugu wa mwanachama mmoja aliyelipia chuo ambacho baadaye kiligundulika hakina usajili wa kozi ile. Fedha ikaenda, mwaka ukaenda, mtoto akaanza upya. Kwa hiyo kabla ya senti moja kutoka, yapo mambo ya kuuliza, na tunaomba mkayaandike.

La kwanza, chuo na kozi yenyewe viwe vimesajiliwa na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Baraza hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, ndani yake kuna vyuo, sifa za kujiunga na ada. Asiyejua kukisoma kwenye simu aje kwa katibu wetu, atasomewa.

La pili, matokeo ya mtoto. Kwa utabibu na uuguzi wa diploma anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua manne, yasiyo ya dini, na humo ndani iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mtoto asiye na Kemia akiambiwa na mtu, "Lete fedha, tutamwingiza," hiyo ni njia ya kuibiwa. Na hili lianze mapema: mtoto wa kidato cha pili anayeacha masomo ya sayansi amekwisha funga mlango wa chuo cha afya, na mama yake hana habari.

La tatu, ngazi. Masomo haya yana ngazi zinazoitwa NTA, ya 4, ya 5 na ya 6, na diploma ni ile ya 6. Mtoto akikwama katikati kwa kukosa ada, uliza cheti cha ngazi aliyofikia kinampa kazi gani. Usiulize baada ya kukwama, uliza kabla ya kuanza.

La nne, leseni. Muuguzi hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake. Lazima asajiliwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Hiyo nayo ina gharama na ina taratibu zake. Iingie kwenye hesabu ya mwaka wa mwisho.

La tano, msaada mwingine. Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa diploma kwa baadhi ya kozi, zikiwemo baadhi za afya. Si zote. Kila mwaka mwongozo hutolewa, usomwe kwanza. Kozi ya mtoto wako ikiwemo, sanduku letu lipumzike, likopeshe mwingine.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya hesabu hiyo kamati ilifikia pendekezo, na kikao cha mwisho kimelipitisha kwa kura 27 dhidi ya 5. Wale watano tunawaheshimu, hofu yao ni ya haki, wanahofia biashara zetu kukauka. Ndiyo maana masharti yamewekwa hivi:

1. Kikundi kitakopesha ada tu, siyo chakula wala chumba. Mzazi asiyeweza kumlisha mtoto chuoni ajue mapema, maana njaa humrudisha mtoto nyumbani kuliko ada.

2. Mkopo ni wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa pili haukopeshwi mpaka wa kwanza umemalizika kulipwa na matokeo ya mtoto yameonyeshwa mezani.

3. Fedha italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Haitapita mkononi mwa mwanachama, wala mjomba, wala mtoto.

4. Rejesho litapimwa kwa biashara ya mama. Ada ya 1,500,000 pamoja na riba ni 1,650,000, yaani shilingi 137,500 kila mwezi kwa miezi 12. Mwanachama aonyeshe daftari lake kwamba fedha hiyo inapatikana hata msimu wa machungwa ukiisha. Kama angekopa gharama yote ya mwaka, 3,800,000, rejesho lingekuwa zaidi ya 348,000 kwa mwezi. Nani kati yetu anayo hiyo?

5. Mikopo ya vyuo isizidi nusu ya fedha ya kikundi kwa wakati mmoja.

Kwa masharti haya wote 6 waliotimiza vigezo watapata. Ada zao ni shilingi milioni 9. Zinabaki milioni 10 kwa mikopo ya biashara. Biashara haitakauka, na mtoto hatabaki.

Na kwa wale ambao watoto wao bado wadogo, tunafungua akiba ya elimu kuanzia mwezi ujao. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Michango na sare vipo, tunajua, lakini ada ile tuliyokuwa tunaihangaikia haipo. Basi mama mwenye mtoto kidato cha kwanza aweke shilingi 30,000 kila mwezi. Miezi 48 ni shilingi 1,440,000. Mtoto akimaliza kidato cha nne, ada ya mwaka wa kwanza karibu yote imo ndani, bila riba, bila mdhamini, bila kumpigia magoti mtu. Na mtoto asipochagua afya, akichagua ualimu au ushonaji, fedha ni yake hiyo hiyo.

Tunamalizia na neno kwa mabinti wenyewe, maana wengine wamo humu wanatusaidia kugawa soda. Wanetu, mama zenu wanaweka hisa kwa fedha ya moshi na jua. Mkienda chuo, someni. Mkikosa kazi mwaka wa kwanza msione aibu kurudi nyumbani. Hatukuwakopesha kwa sharti la mshahara, na deni litakuwa limekwisha lipwa. Mkipata kazi, hata kama ni kijiji kisicho na umeme, nendeni. Huko nako kuna mwanamke anayeumwa uchungu usiku, anamngoja mtu aliyesoma.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunalo ombi moja kwako. Hatukuombi fedha leo. Tunaomba utusaidie kupata mtu wa idara ya elimu aje mara moja kwa mwaka, mwezi matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, akae na akina mama nusu siku, awaeleze vyuo, sifa na taratibu. Kiti tutaleta, chai tutapika. Ushauri wa nusu siku unaweza kuokoa milioni za mama mmoja.

Kwa wanakikundi wote: daftari zenu zisikae chini ya godoro, zikae mezani. Kila anayetaka mkopo wa chuo aanze kuandika leo.

 Akina mama hoyee!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanakikundi wote